Sugu ya Mpagazi

Mwanangu Mwamvua,

Amani iwe nawe hapo ulipoifungulia karatasi hii. Kwa jinsi nikujuavyo, utaifungua kabla treni haijafika Goweko, ingawa nitakuomba uisome ukishafika Dodoma.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda Itetemia kumuaga bibi, nami nimefunga duka mapema, nimekaa kwenye meza ya kukatia nguo. Mambo ya chandarua, ndoo, dawa na nani umpigie simu kwanza, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho stesheni atakuambia ya nne. Hapo sina la kuongeza. Ninalotaka kukueleza ni jambo ambalo umelisikia vipande vipande, hiki kwa shangazi yako, kile kwa mama, na kwangu hukusikia kitu. Una haki ya kulisikia kwa yule aliyelifanya.

Unajua kwamba babu wa baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, akarudi na mitumba ya nguo, akaenda tena, mpaka magoti yakamshinda. Kwetu Goweko hilo lilikuwa jambo la fahari. Baba yangu alikuwa na kinundu shingoni, chini ya sikio, kikubwa kama yai la kanga. Siku za Idi, wageni wakishashiba, alikishika na kusema, "Hii ni sugu ya mpagazi. Mzigo ulimkaa babu begani, mwili ukaukumbuka, ukaturithisha na sisi." Watu walicheka, lakini walimheshimu. Mimi nikiwa mtoto niliamini neno kwa neno. Nilikuwa nikijipapasa shingo kila asubuhi kuona kama yangu imeanza.

Halafu shangazi yako Nyamizi alifika miaka kumi na mitano, vinundu vikamtoka mikononi, kifuani, mwishowe usoni. Hakuna hata mmoja aliyetaja sugu ya mpagazi. Walisema amelogwa. Walitafuta wa kumlaumu wakampata: kijana jirani yetu aliyeitwa Maganga, ambaye mwaka uliotangulia alileta posa ikakataliwa. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyempiga. Walimnyima salamu tu, na Nyamizi akafundishwa kugeuza uso akimwona. Posa nyingine haikuja. Akabaki pale kijijini na jembe lake, analima tumbaku na karanga, na sauti yake ile nzuri akaacha kuimba nayo harusini kwa sababu harusini watu hukutazama.

Kinundu kilekile, mwanangu. Kwa baba yangu kilikuwa heshima, kwa binti yake kikawa uchawi. Leo naliona wazi. Wakati ule sikuliona, au niliona nikaona heri ninyamaze.

Maana na mimi vilinitoka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, vidogo vidogo, mgongoni na tumboni, juu ya yale mabaka ya rangi ya chai niliyozaliwa nayo. Mama yangu alinikuta naoga, akanirushia shati kwa nguvu kama mtu anayezima moto. "Usivue tena mbele za watu," akasema. Mwaka uleule nikaja hapa mjini, mtaa huu wa Ng'ambo, kujifunza ushonaji. Watu hudhani niliipenda kazi hii tangu udogo. Ukweli ni kwamba niliichagua kwa kuwa fundi cherehani huketi kivulini na shati lake.

Nilipomwoa mama yako aliniuliza, siku za mwanzo kabisa, "Hii mgongoni ni nini?" Nikamjibu kwamba mabaka ni makovu ya cheche za pasi ya mkaa, na vile vinundu ni majipu yaliyokauka. Nilijibu bila kusita. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba uwongo ulikuwa umekwisha kushonwa hata kabla ya swali. Akaniamini. Alianza hata kuniondolea pasi mkononi akisema nitajiunguza tena.

Ulizaliwa siku ya mvua kubwa, ndiyo asili ya jina lako. Wiki chache baadaye mabaka yakaanza kuonekana: moja pajani, mawili tumboni, halafu mengi. Niliyajua mara moja. Niliyajua kama mtu anavyojua mwandiko wake mwenyewe. Baba yako mkubwa alipokuja kumwona mtoto alikufunua, akatikisa kichwa. "Huyu mama yake alikula udongo wa kichuguu. Tazama, udongo umemtokea mtoto."

Mama yako alikuwa kweli amekula udongo, kama wanavyokula wajawazito wengi. Alinitazama akingoja niseme neno. Nilikuwa na sindano mdomoni, nikaitumia kama sababu ya kutosema.

Miaka saba aliubeba udongo ule. Jirani zetu walimhurumia kwa namna ya kuumiza. Akikutana na mjamzito sokoni alimwambia, "Mwenzangu, usile udongo, tazama yaliyonipata." Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi nilifunga vifungo vya shati hadi shingoni nikaenda kazini.

Kisha uvimbe ukaota nyuma ya goti lako la kushoto. Ulikuwa laini, ukiushika ni kama kuna kamba kamba ndani, na ulikuwa unakua. Ukaanza kuuburuta mguu. Baba mkubwa akasema tuende kwa mganga mmoja anayemjua, nami nikakubali. Mama yako alitaka hospitali. Niliikataa hospitali kwa sababu hospitalini wangeuliza habari za baba.

Unakumbuka chale, najua. Labda hukumbuki kwamba kabla ya kukuchanja, yule mganga alimpigisha mama yako magoti mbele ya kichuguu aombe radhi. Akasema, "Udongo, nisamehe, mrudishie mwanangu ngozi yake." Alisema huku analia, mara tatu, kama alivyoagizwa. Mimi nilisimama hatua tano nyuma yake. Chini ya shati langu kulikuwa na jibu la kila kitu, na sikulifungua.

Chale zikatunga usaha, ukashikwa na homa. Habari zikamfikia Nyamizi, akapanda treni akaja. Alikuwa hajakanyaga mjini miaka mingi. Aliingia uani saa nne asubuhi, kanga imefunika nusu ya uso, akakukuta umelala mkekani na mama yako anakukanda kwa maji ya uvuguvugu. Baba mkubwa naye alikuwepo, na majirani wawili. Nyamizi alikutazama mguu, akatazama mabaka, akanigeukia mimi.

"Ramadhani," akasema, "vua shati."

"Dada, kuna watu."

"Ndiyo maana nasema sasa. Mimi uso wangu nimeuvaa mbele za watu maisha yangu yote. Wewe unaona haya ya mgongo? Vua shati, mkeo aone mtoto alikotoa ngozi hii."

Nilivua. Sitasema nilikuwa jasiri, nililivuta shati hadi kifungo kimoja kikakatika. Mama yako aliinuka, akaja nyuma yangu. Nikahisi kidole chake kikipita kwenye baka moja, kikahamia jingine, kisha kwenye vinundu, polepole, kama anavyochagua mchele. Akarudi akakutazama wewe tumboni. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Pasi ya mkaa."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikufunga mgongoni, mtoto wa miaka saba na miguu inaning'inia, akasema anakupeleka hospitali na akitoka huko anakwenda Itetemia kwa mama yake. Nyamizi akamfuata. Nami nikawafuata kwa nyuma.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana tu, ningeweza kumzaa. Alimwambia Nyamizi, "Shikamoo, mama," akamshika mkono wenye vinundu kama anavyoshika mkono mwingine wowote. Nyamizi aliutazama mkono ule ulioshikwa kana kwamba si wake. Daktari aliyahesabu mabaka yako, akayapima kwa rula. Akatumulika machoni sote watatu. Kisha akavuta karatasi akachora duara.

"Mwili umejengwa kwa seli," akasema. "Seli hupata ishara: kua, ongezeka. Ikishatosha, lazima kiwepo kitu cha kuizima ile ishara. Mojawapo ya vinavyofanya kazi hiyo ni protini inaitwa neurofibromini. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayoitengeneza, moja ya mama na moja ya baba. Ninyi watatu nakala moja ina kasoro. Iliyobaki inafanya kazi. Ila mahali fulani kwenye neva, ile nzima nayo ikiharibika, ishara haizimwi vizuri, seli zinaendelea kuongezeka. Hapo ndipo kinundu kinapotokea."

"Nani aliiharibu?" Nyamizi akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Seli zinaponakili maagizo yao hukosea herufi. Jeni hii ni ndefu sana, nafasi ya kukosea ni kubwa. Wapo wagonjwa wengi tu ambao wazazi wao hawana kabisa, kosa limeanzia kwao. Kwenu lilianza zamani, likarithiwa."

"Kwa hiyo mimi sikulogwa."

"Hukulogwa."

Ndipo mama yako akauliza, "Na udongo?"

"Udongo upi?"

Mama yako akaeleza yote, kichuguu, magoti, maneno aliyoyasema. Yule daktari aliweka kalamu chini. "Mama," akasema, "udongo unaweza kukupa minyoo. Hauwezi kuandika jeni."

Mwanangu, sijapata kusikia hukumu nyepesi kama ile iliyomfungua mtu. Mama yako alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, na kicheko kile hakikunihusu.

Mlikaa Itetemia miezi miwili. Nilikuja kila Ijumaa baada ya sala, bibi yako akanipa kiti na maji ya kunywa, na hakuna zaidi. Ijumaa moja mama yako alitoka akasimama mlangoni. "Sitaki unipigie magoti," akasema. "Uliniaibisha kwa kunyamaza. Nisafishe kwa kusema. Kila nyumba iliyosikia habari ya udongo, isikie habari ya mgongo wako, na kwa mdomo wako."

Nilianza kwa baba mkubwa. Aliniambia mwanamume hajivui nguo mbele za watu kwa ajili ya mke. Nikamwambia yangu kisha nikatoka. Nikaenda kwa majirani wawili, kwa muuza kahawa wa kona yetu na wazee wake wanaocheza bao, kwa wanawake wa kisimani, na huko nilikosa sauti mara ya kwanza nikarudi kesho yake. Kila mahali nilisema hivi: "Mabaka ya Mwamvua ameyatoa kwangu. Mama yake hakukosa kitu. Mimi nilijua nikanyamaza." Baadhi walisema maskini, baadhi walisema haya ni ya nyumbani kwenu. Ila siku ya tatu mwanamke mmoja alinifuata hadi dukani, mtoto mgongoni, akafunga mlango, akamfunua yule mtoto. "Na wangu je?" akauliza. Nikaandika jina la kliniki kwenye kipande cha karatasi ya vipimo nikampa. Nilishangaa. Miaka yote nilidhani nikisema nitakuwa peke yangu.

Mama yako alirudi. Usidhani mambo yalirudi kama yalivyokuwa. Hadi leo nikimjibu haraka mno huwa anasita kidogo, ananitazama, kisha ndiyo aendelee. Hilo ni langu, nimelistahili, na katika kusita kwake huwa namwona bora kuliko mimi, kwa kuwa anasita na bado yupo.

Nyamizi aliporudi Goweko alipitia nyumbani kwa Maganga, ambaye sasa ni mzee mwenye wajukuu. Alimpelekea jogoo. Alimwambia, "Nimekunyima salamu miaka yote hii kwa kosa usilolifanya." Yule mzee akampokea jogoo, akamwambia, "Nyamizi, mimi nilileta posa kwa ajili ya sauti yako. Vinundu vilikuja baadaye, hata sikuvihesabu." Kwenye harusi ya binti wa mwisho wa Maganga, Nyamizi aliimba. Nilikuwepo. Alisimama katikati, kanga mabegani, uso wazi.

Yaliyofuata unayakumbuka mwenyewe: upasuaji, madaktari waliotoa walichoweza na kuacha kilichojizungusha kwenye neva, ule ukumbi mrefu wa hospitali uliojifunzia kutembea upya. Nilikunyooshea mkono ukaukataa. "Baba, niache, nahesabu vigae." Ulifika arobaini ukaanguka, ukaamka ukaanza tena na moja. Hapo ndipo nilipoanza kukuheshimu, si kama baba anavyompenda mtoto, bali kama fundi anavyomheshimu fundi mwenziwe.

Nawe ndiye uliyenifundisha kukistaajabia kitu hiki badala ya kukiogopa. Ulikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa baiolojia alikuwa anafundisha urithi, ukasimama darasani ukasema, "Mimi ninao mfano," ukawaeleza. Jioni ulinichukulia chaki ya fundi ukachora juu ya kitambaa cha mteja, nikakugombeza, kisha nikasahau kugombeza. Ulisema, "Baba, usiione neurofibromini kama adui. Yenyewe ndiyo mlinzi wetu. Tuliyonayo ni nusu, na hiyo nusu inafanya kazi usiku na mchana." Ukanionyesha kidole chako. "Nani alikiambia kiishie hapa?"

Mimi nimekata nguo zaidi ya miaka thelathini. Kitambaa hakijui pa kuishia, lazima nikiambie kwa mkasi. Sikuwahi kufikiri kwamba sikio, pua, ini, kila kimoja kilikua kikafika kipimo chake kikatulia, na kwamba ndani ya kila nukta ya mwili kuna vitu vidogo visivyoonekana vinavyosema imetosha, mara elfu na elfu, tangu tumboni, bila kusifiwa. Tunavijua pale vinapokosekana tu. Kinundu kimoja mgongoni mwangu nilikichukia maisha yote, na mahali palipokuwa salama, ambapo ndipo pengi, sikuwahi kupashukuru. Tangu siku ile nikisema alhamdulillahi kwa afya, ninajua ninalolisema.

Na sasa unakwenda kusomea kazi ya maabara, ukayatazame haya kwa macho yako. Baba yangu alikuwa na hadithi moja, ya mzigo. Daktari alinihakikishia kuwa mzigo wa begani haurithiwi. Sikuhuzunika sana kuipoteza hadithi ile. Babu yetu alitembea miezi na miezi akiwa na kasoro hii mwilini, labda na maumivu asiyoweza kuyataja, na alifika. Hilo ni kubwa kuliko sugu.

Nimebakiza jambo moja. Juma lililopita ulikuwa unanisaidia kukunja vitambaa, ukaniuliza bila kuinua uso, "Baba, ungejua kwamba kila mtoto wako ana nusu kwa nusu ya kuupata, ungenizaa?" Nikakanyaga cherehani. Nikashona pindo refu kuliko lilivyohitajika, ukangoja, kisha ukatoka kwenda kumsaidia mama yako. Nilikimbia tena, Mwamvua. Mtu huweza kuungama mbele ya mtaa mzima, na swali la binti yake likamrudisha kwenye shati lake.

Najua hukuuliza kwa ajili yangu. Ipo siku kijana atakuja, naye utalazimika kumwambia, na mtaamua ninyi wawili mambo ya watoto. Sitakuamulia. Ukizaa, mtoto wako ni mjukuu wangu hata awe na mabaka mangapi; usipozaa, wewe ni binti yangu na hakuna kilichopungua. Usikubali tu mtu akuhurumie hadi akuamulie.

Ila swali lenyewe nitalijibu, maana uliniuliza mimi. Ningekuzaa. Ningejua yote, goti, kisu, ule ukumbi, na bado ningekuzaa.

Lakini ningemwambia mama yako kwanza.

Baba yako,
Ramadhani